Kipanya cha safari hufia shingoni

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mkaguzi wa hesabu za vyama vya msingi vya ushirika, kituo changu ni Masasi. Msimu wa korosho ukishapungua nazunguka Newala, Nachingwea, Tunduru na vijiji vyake, laptopu ikiwa kwenye begi la mgongoni, kwa basi na mara nyingi kwa bodaboda. Ndani ya miaka miwili nimemaliza vipanya vitatu vya waya. Cha kwanza kilianza kuganda. Nikiukunja waya karibu na kipanya kinarudi, mwisho kikafa kabisa. Cha pili, kile kidogo ambacho waya wake unajivuta ndani wenyewe kama futi ya seremala, hakikufika mwezi wa nne. Cha tatu bado kinafanya kazi, lakini nikibofya mara moja kinahesabu mbili, na juzi kilinijazia fomula safu nzima ya hesabu za watu. Kisicho na waya sitaki tena: kile kidude chake cha kuchomeka nilikipoteza Tunduru, na kupata betri nzima vijijini ni kubahatisha. Ninunue kipi kitakachodumu? Na je, kuna tofauti ya kweli kati ya cha elfu saba na cha elfu thelathini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umeeleza jinsi kila kipanya kilivyokufa. Wengi wanaokuja mezani kwangu husema tu "mausi imekufa", wanakitupa, wanakwenda kununua kingine chenye ugonjwa uleule. Wewe umeniletea dalili, na dalili zako zinatosha kujibu swali lako.

Jibu lenyewe ni hili. Nunua kipanya cha kawaida cha ofisini, chenye waya wa karibu mita 1.8, ganda la plastiki ngumu isiyopakwa mpira, bila taa za rangi wala vitufe vya pembeni, na ukichague kwa kukiangalia shingoni, pale waya unapoingia mwilini. Usinunue kilichoandikwa kwamba ni cha safari. Najua inasikika kinyume, lakini nimefungua vipanya vingi mno kulisema jambo hili kwa kubahatisha.

Tuanze na shingo, maana ndiko alikofia yule wa kwanza. Ndani ya waya wa kipanya mna nyaya nne ndogo: nyekundu inaleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, nyeusi inaurudisha, nyeupe na kijani zinabeba taarifa za mwendo na mibofyo. Kila moja kati ya hizo nne ni kifungu cha nyuzi za shaba nyembamba kama unywele. Umewahi kumwona mtu akikata waya bila koleo? Anaukunja huku, anaukunjua kule, palepale pamoja, mpaka shaba inakakamaa na kukatika. Hivyo ndivyo waya wa kipanya unavyofanyiwa kila siku. Ganda la kipanya ni gumu, waya ni laini, na pale vinapokutana ndipo mkunjo wote unapoangukia. Ukikisukuma mbele, waya unakunjwa. Ukikiingiza begini na kuuzungushia waya kiunoni, unakunjwa tena palepale, safari hii kwa nguvu, halafu bodaboda inakitikisa kilomita thelathini.

Nyuzi zinakatika mmoja baada ya mwingine, huku ngozi ya nje ikibaki nzima, ndiyo maana ukiutazama waya huoni kitu. Zikibaki mbili tatu zinazogusana, kipanya kitafanya kazi ukiuweka waya katika mkao fulani na kuganda ukiusogeza. Ikiwa waya unaokatika ni mwekundu au mweusi, ile taa ya chini huzimika. Ikiwa ni mweupe au kijani, taa inaweza kuendelea kuwaka huku kishale kimesimama, na watu wengi hapo hudanganyika wakadhani kosa liko kwenye kompyuta: "mbona inawaka?" Kuwaka kwa taa ni ushahidi wa umeme peke yake. Ukisikia Windows inapiga ule mlio wa kuchomoa na kuchomeka wakati wewe hujagusa kitu, jua waya umeanza kukatika.

Kwa hiyo dukani, kitu cha kwanza kutazama ni kile kipande cha mpira kinachoulinda waya unapotoka kwenye ganda. Mafundi tunakiita kikonyo, na kweli kinafanana na kikonyo cha embe. Kazi yake ni kuugawa mkunjo, ili usiangukie nukta moja bali usambae. Kikonyo kizuri kina urefu wa sentimita moja au zaidi, ni laini, na mara nyingi kina mikato midogo inayokiruhusu kupinda. Kibaya ni pete fupi ngumu. Kibaya zaidi ni kutokuwepo kabisa: waya unatokea kwenye tundu la plastiki lenye ukingo mkali, na kila mwendo wa mkono unausugua. Shika kipanya, uache waya uning'inie, kisha uupeleke kushoto na kulia kwa kidole. Ukipinda taratibu kama upinde, sawa. Ukivunjika kwa kona palepale mlangoni, rudisha kwenye boksi.

Halafu uvute kidogo, kwa adabu. Ndani ya kipanya kilichotengenezwa vizuri waya unapitishwa katikati ya vijiti vya plastiki kwa mzunguko kabla ya kufika kwenye bodi, ili anayeuvuta kwa nje asiivute bodi. Kwenye vile vya bei ya chini kabisa waya unakwenda moja kwa moja hadi kwenye risasi iliyolehemiwa, na ukiuvuta unauhisi ukiingia na kutoka milimita kadhaa. Hicho hakitafika Nachingwea.

Shida hii ina umri sawa na kipanya chenyewe. Kile cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart pamoja na mhandisi Bill English, katika Stanford Research Institute huko Menlo Park, California: kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Mwanzoni waya wake ulitokea nyuma, upande wa kiganja, kama mkia. Ukawa unausumbua mkono, wakauhamishia mbele. Tangu siku hiyo, mahali waya unapotokea na namna unavyotokea ni jambo la msingi, ingawa kwenye maboksi ya leo hakuna anayeliandika.

Cha pili, kile cha waya unaojivuta. Nakuelewa kwa nini ulikipenda. Kinaingia mfukoni na waya haukutatizi. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwashauri watu kadhaa wavinunue, na najuta, maana waliniamini na vikarudi mezani kimoja kimoja. Ndani ya kile kiduara kuna springi, na waya bapa mwembamba uliozungushwa. Ili uweze kuzungushwa namna ile lazima uwe mwembamba kuliko waya wa kawaida, na kila unapouvuta unakunjuliwa wote, kila unapouachia unakunjwa wote. Badala ya shingo moja ya kukatikia, una shingo kila mahali. Vumbi likiingia kwenye kiduara, springi inasita, mtu anavuta kwa nguvu. Vile ambavyo kiduara chake kiko katikati ya waya vinataka uvute ncha zote mbili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Ukivuta upande mmoja tu, unauchana ndani. Ni nani atakayekumbuka hayo akiwa ghalani, mwenyekiti na mtunza ghala wamesimama wanasubiri?

Tena waya wake huwa mfupi. Watu husema laptopu iko karibu, waya mrefu wa nini? Chukua futi upime. Laptopu ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 36 hivi na kina cha sentimita 24 hivi. Nyingi zina matundu ya USB upande wa kushoto, na wewe bila shaka unatumia mkono wa kulia. Waya unatoka kushoto, unapita nyuma ya kioo, unarudi mbele kulia hadi mkononi. Hapo umeshamaliza kama mita moja kabla mkono haujaanza kusogea. Waya wa sentimita 70 au 80 unabaki umekaza muda wote, na waya uliokaza unavuta shingo mchana kutwa. Kwa hiyo usiogope mita 1.8. Waya unaobaki unaufunga kishada nyuma ya laptopu, hauumizi kitu.

Unene wa waya usikudanganye. Mnene na mgumu huhamishia mkunjo wote shingoni, kwa sababu wenyewe haukubali kupinda. Unaoutaka ni ule laini: ukiuweka mezani ulale, usisimame kama uzi wa nailoni. Vile vilivyosukwa kwa uzi juu vinapendeza machoni na vinastahimili kusuguliwa, lakini hukaa na alama ya mkunjo wake, na uzi ukianza kuchomoka unanasa kwenye zipu ya begi. Kwa safari zako mimi ningechukua waya wa kawaida uliovikwa plastiki laini.

Ncha ya pili nayo ni shingo: plagi. Tazama kikonyo chake kama ulivyotazama kile cha kipanya. Ila hapa hatari kubwa iko kwa laptopu. Ukiinua laptopu kutoka meza moja kwenda nyingine huku kipanya kimechomekwa na kinaning'inia, au ukiifunga na kuisokomeza begini na plagi yake ubavuni, unaisukuma plagi kwa pembeni na kulegeza tundu la USB. Kipanya ni kitu cha kununua upya. Tundu la USB lililong'oka kwenye bodi ni kazi ya kulehemu ya nusu siku na laptopu kulala kwa fundi. Chomoa kwanza, kila mara. Kama siku moja utahamia laptopu mpya yenye matundu madogo ya USB-C peke yake, nunua adapta fupi na uiache ikikaa kwenye plagi ya kipanya, usiiache kwenye laptopu.

Sasa kile cha tatu, kinachobofya mara mbili. Huo si ugonjwa wa waya, ni wa swichi, na kwa kazi yako ndio wenye hatari kuliko yote. Kipanya kilichokufa kinakusimamisha tu. Hiki kinaendelea kufanya kazi huku kikikuharibia hesabu.

Chini ya kila kitufe mna swichi ndogo, kijiboksi cha ukubwa wa punje ya hindi hivi au zaidi kidogo, na ndani yake kuna kibapa chembamba cha madini kinachofanya kazi kama springi. Ukibofya, kinaruka na kugusa. Kinapogusa hakitulii mara moja. Kinadundadunda kwa muda mfupi mno, na kipanya kimepangwa kusubiri kidogo kabla ya kuhesabu ili midundo hiyo isihesabiwe. Springi ikichoka, au pale inapogusia pakipata kutu nyembamba kwa sababu ya unyevu na chumvi ya hewa, midundo inachukua muda mrefu kuliko ule wa kusubiri. Kipanya kinaona mibofyo miwili.

Ile fomula yako ilijazwaje? Kwenye Excel, ile nukta ndogo ya kona ya chini kulia ya kisanduku ukiibofya mara mbili, fomula inashuka yenyewe hadi data ya safu ya jirani inapoishia, na inaweza kufunika tarakimu zilizokuwa chini. Wewe ulitaka kuishika na kuiburuta visanduku vitatu. Kipanya kikahesabu mara mbili, Excel ikatii. Ukiona hivyo, bonyeza Ctrl na Z pamoja papo hapo ili kutengua, kabla ya kugusa kitu kingine. Na nakuomba kwa dhati: kile kipanya usikitumie tena kwenye hesabu za vyama, hata kwa siku moja. Ukitaka kuhakikisha, fungua folda yenye mafaili, bofya faili moja polepole mara hamsini, kila bofyo peke yake. Likifunguka hata mara moja bila wewe kutaka, swichi imekwisha.

Watengenezaji huzipa swichi umri kwa idadi ya mibofyo: milioni 5, milioni 10, milioni 20 na kuendelea. Tufanye hesabu ya kwako. Tuseme unabofya mara 4,000 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hiyo ni milioni moja. Hata swichi ya milioni 5 ingekutosha miaka mitano, kwa karatasi. Tatizo ni kwamba vipanya vya elfu saba haviandiki kitu, na swichi zake unazijua kwa mkono tu. Bofya kitufe cha kushoto pembeni, katikati na karibu na gurudumu. Mlio na uzito viwe sawa kote. Kitufe kinachocheza kushoto na kulia kabla ya kubofyeka, au chenye mlio mnene upande mmoja na hafifu upande mwingine, kiache hapohapo. Linganisha na kitufe cha kulia pia.

Kuhusu idadi ya vitufe: viwili na gurudumu vinatosha. Kila kitufe cha pembeni ni tundu jingine la kupitisha vumbi. Vivyo hivyo namba kubwa ya dpi iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu. Hiyo ni idadi ya nukta ambazo kipanya kinazihesabu kwa kila inchi ya mwendo. Kwa dpi 1,000, kioo chenye upana wa nukta 1,366 unakivuka kwa sentimita tatu na nusu za mkono. Unataka zaidi ya hapo ya nini, mtu wa majedwali? Kati ya 800 na 1,600 panakutosha kabisa, na fedha iliyobaki iende shingoni.

Gurudumu ni mahali vumbi la huko kwenu linapoingilia. Likianza kupanda wakati wewe unashusha, kile kinachohesabu mizunguko yake kimechafuka au kimechakaa. Dukani lizungushe polepole na uhesabu vituo vyake kwa kidole. Kila kituo kihisike, na ukurasa usogee upande uleule kila mara. Usikubali gurudumu linaloyumba kwenye ekseli yake.

Halafu kuna jambo la magunia, ambalo hukuliuliza lakini litakupata kama bado. Kule chini kipanya kina jicho: taa, na kihisi kinachopiga picha ndogo za meza, zaidi ya 1,000 kwa sekunde, na kulinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua kimesogea wapi. Unyuzi mmoja wa gunia la korosho ukiingia kwenye tundu la jicho, kihisi kinauona unyuzi huo badala ya meza. Kishale kinatetemeka, kinaruka, kinakataa kwenda upande mmoja. Watu hukitupa kipanya kwa sababu ya unyuzi. Kichomoe, kigeuze, puliza, pitisha pamba ya masikio kavu kwa upole, mwisho. Usitie spiriti wala maji.

Na kwa sababu kinatazama picha, kinahitaji meza yenye kitu cha kutazama. Kwenye kioo kitupu, au vigae vinavyong'aa kama vya mapokezi ya nyumba za wageni, jicho halioni alama na kishale kinapotea. Usinunue zulia la kipanya la kubeba. Jalada la daftari la kaunta linafanya kazi hiyo vizuri, na hicho ni kitu ambacho hutakikosa kwenye chama chochote cha msingi.

Ganda sasa. Vipo vipanya vilivyopakwa mpira mwembamba unaoshikika vizuri kiganjani, na muuzaji atakusisitizia huo ndio ubora. Katika joto na unyevu wetu, mpira ule huoza polepole na kugeuka nata. Nimevipokea kutoka Mtwara, Tanga na Unguja, vimekaa mwaka tu kabatini, ukivigusa unabaki na utomvu mweusi mkononi, na vumbi lote la begi limeganda juu yake. Hakuna dawa ya kudumu zaidi ya kuusugua mpira wote uondoke. Chukua plastiki ngumu, isiyong'aa, rangi yoyote. Kiwe cha ukubwa wa kawaida pia. Vile vidogo vya kitoto huufanya mkono ukunje vidole siku nzima, na wewe unakaa na majedwali masaa mengi.

Umeuliza kuhusu elfu saba na elfu thelathini. Tofauti ipo, lakini haipandi sawasawa na bei. Kati ya cha elfu saba na cha ofisini cha kampuni inayojulikana kuna hatua kubwa: kikonyo, swichi, namna waya ulivyofungwa ndani. Ukipita hapo, kinachoongezeka ni taa, vitufe na namba za dpi. Logitech B100, M90 na M100, au Dell MS116, ni aina ya vipanya ninavyovizungumzia: vya waya, vya vitufe viwili na gurudumu, vya kazi ya kila siku. Sisemi lazima kiwe kimoja kati ya hivyo. Nasema kikiwa na umbo hilo, unyenyekevu huo, na shingo nzuri, umefika.

Shida yetu ni kopi. Vipanya vyenye majina makubwa ndivyo vinavyoigwa zaidi, na boksi la kopi siku hizi linaweza kumdanganya hata fundi. Kwa hiyo nenda dukani na laptopu yako. Chomeka kipanya, fungua Device Manager ya Windows, tafuta kipanya kipya kilichoongezeka kwenye orodha, ingia Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Utaona maandishi yenye VID na herufi nne baada yake. Hiyo ni namba ya mtengenezaji, na kila kampuni ina yake: Logitech ni 046D, Dell ni 413C, Microsoft ni 045E. Boksi likisema Logitech na laptopu ikasema namba nyingine, una sababu ya kutosha ya kukirudisha kwa heshima. Namba ikilingana, usishangilie bado, kwa kuwa mwigaji mjanja anaweza kuiiga hata namba. Rudi kwenye kikonyo na vitufe. Muuzaji anayekukataza kuchomeka kabla ya kulipa, muage salama. Na risiti uichukue, iwe na siku na aina ya kipanya.

Ukiwa bado na kipanya kinachofanya kazi mezani pale dukani, fanya jaribio moja la mwisho: kizungushe kishale kwenye kioo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine utikise waya shingoni, kisha kwenye plagi. Kishale kisisite hata kidogo. Kipanya kipya kinachosita ni kibovu kuliko kile cha kwako cha zamani.

Kuhusu kubeba. Usiuzungushie waya kwenye kipanya. Tabia hii peke yake inaua vipanya vingi kuliko bodaboda, kwa sababu mzunguko wa kwanza huanzia shingoni, kwa kona kali, na mtu hukaza ili usifunguke. Acha kwanza kama upana wa viganja viwili vya waya ulionyooka kutoka kwenye kipanya, kisha uliobaki uzungushe duara za upana wa kiganja, zilegee, kama mvuvi anavyopanga kamba ya nanga ndani ya mtumbwi. Waya ukitaka kujipinda, uache ujipinde upande unaoutaka wenyewe. Funga duara hizo kwa kipande cha kitambaa, hata pindo la kanga kuukuu. Raba za kufungia fedha usitumie; kwenye joto zinayeyuka na kugandia kwenye waya.

Kipanya kikae kwenye kimfuko chake, soksi nene safi inatosha, na kimfuko kikae mfuko wa mbele wa begi, mbali na chaja. Chaja ni nzito na ina kona. Kwenye barabara ya vumbi inafanya kazi ya nyundo. Usikiweke kati ya laptopu na mgongo wako, wala juu ya kioo cha laptopu iliyofungwa. Vioo vimepasuka kwa kipanya, na nimewaona wenye navyo wakilia.

Kama mfuko unaruhusu, nunua viwili vya aina ileile kwa siku moja. Kimoja kinafanya kazi, kingine kinalala begini kama akiba. Kikifa cha kwanza huko Tunduru, kazi haisimami, na ukirudi fundi anaweza kutoa waya mzima wa kimoja na kumpa mwenzake, au swichi, kwa sababu vimefanana ndani. Vya aina mbili tofauti mara nyingi havipeani.

Hilo linanirudisha kwa kile cha kwanza, kama bado unacho. Usikitupe. Umesema kilirudi ulipoukunja waya karibu na kipanya, maana yake mahali palipokatika panajulikana, na vingine vyote vilikuwa vizima. Mpelekee fundi wa redio au simu mwenye mkono mzuri hapo Masasi. Mwambie afungue skrubu, ambayo mara nyingi imejificha chini ya karatasi ya maandishi au chini ya miguu ya plastiki, aukate waya kama sentimita saba kutoka shingoni, atupe kile kipande, kisha arudishie nyaya nne mahali pake. Afuate rangi za waya huohuo, asifuate mazoea, kwa sababu vipanya vya bei rahisi wakati mwingine vina rangi zilizopangwa tofauti, na umeme wa volti 5 ukiingia njia ya taarifa bodi inaweza kuungua. Kabla hajakata, apige picha kwa simu. Waya uliobaki aupitishe tena kwenye vile vijiti vya ndani, na kikonyo cha zamani akivue kwenye kipande kilichokatwa akirudishe. Utabaki na kipanya chenye waya mfupi kidogo, kizima. Kitumie mezani Masasi, na hivyo vipya viwili viende njiani.